Saa mbili hazisomi sawa: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu wakati na mwendo wa karibu na kasi ya nuru

Maswali haya huja kutoka pande zote: wanafunzi wa skuli, mabaharia, wazee wa baraza, hata abiria wa boti ya Mkoani, Pemba, wanaoniona na daftari la hesabu mapajani. Mengine yana jibu la sentensi mbili. Mengine yanataka ukae na kalamu.

Kwa ufupi kabisa, jambo lenyewe ni lipi?

Chukua saa mbili zilizotengenezwa sawasawa. Moja ibaki, nyengine isafirishwe kisha irudishwe. Zikikutana tena, iliyosafiri itakuwa imehesabu muda mdogo zaidi. Kwa mwendo wa gari, boti au ndege tofauti ni ndogo kiasi kwamba saa ya mkononi haiwezi kuionyesha. Mwendo ukikaribia kasi ya nuru, yaani karibu kilomita 299,792 kwa sekunde, tofauti inaweza kuwa ya miaka.

Kabla hatujaendelea, shika jambo moja: hakuna saa inayokwenda polepole peke yake. Siku zote ni saa hii ikilinganishwa na ile. Nusu ya maswali yaliyo hapa chini yanajijibu ukiuliza tu: polepole kwa kipimo cha nani?

Saa si inakwenda tu? Mwendo unaingiaje hapo?

Tuanze na Galileo. Mwaka 1632 aliandika kwamba mtu aliyejifungia chini ya sitaha, meli ikienda sawasawa juu ya bahari shwari, hana namna ya kujua kama meli inakwenda au imetia nanga. Matone ya maji yanaanguka palepale, nzi wanaruka vilevile. Abiria wetu hawahitaji kuambiwa. Boti ikishatoka bandari ya Malindi, Unguja, na bahari ikatulia, ukifumba macho huwezi kusema kama unakwenda. Ni mpaka mkondo wa Nungwi ndio unaokukumbusha.

Hapo hapakuwa na ubishi. Ubishi uliletwa na nuru. Katika miaka ya 1860 James Clerk Maxwell alionyesha kwa hesabu kwamba nuru ni wimbi la umeme na sumaku, nalo lina kasi yake maalumu. Wataalamu wakauliza: kasi kwa kulinganisha na nini? Wakadhani anga lote limejaa kitu walichokiita etha, na kwamba dunia ikikatiza ndani yake, nuru itapimwa kasi tofauti upande huu na upande ule. Mwaka 1887 Albert Michelson na Edward Morley waliitafuta tofauti hiyo huko Cleveland, Marekani, kwa chombo kilichokuwa na uwezo wa kuiona. Hawakuipata.

Mwaka 1905 Albert Einstein, kijana wa miaka 26 aliyekuwa mfanyakazi wa ofisi ya hataza (ya kusajili uvumbuzi) mjini Bern, Uswisi, aliacha kuitafutia etha udhuru. Alisema tukubali mambo mawili. Kwanza, sheria za fizikia ni zilezile kwa kila anayekwenda mwendo wa sawasawa, kama Galileo alivyosema. Pili, kasi ya nuru katika ombwe (mahali pasipo na kitu, hata hewa) ni ileile kwa kila anayeipima, taa iwe imesimama au inakwenda. Ukiyakubali yote mawili kwa pamoja, huwezi tena kuwa na wakati mmoja kwa watu wote.

Hapo ndipo ninapopotea. Nionyeshe kwa hesabu.

Hii ndiyo sehemu ya kukaa nayo, na hesabu yake haizidi ya pembetatu.

Tuseme boti yetu ya kufikirika ina taa sakafuni na kioo darini, mita 4 juu ya taa. Taa inamulika mara moja, nuru inapanda mpaka kiooni. Kwa abiria aliyekaa pembeni, nuru imekwenda mita 4, wima moja kwa moja.

Sasa yupo mtu kwenye gati, na boti inampita kwa tatu ya tano (asilimia 60) ya kasi ya nuru. Yeye anaona kwamba wakati nuru inapanda, boti nayo imesogea mbele mita 3. Kwa hiyo nuru haikupanda wima, imekwenda mshazari. Muashi yeyote anayepima kona ya msingi anaijua pembetatu hii: 3, 4, kisha mshazari ni 5. Kwa mtu wa gatini, nuru imekwenda mita 5.

Wote wawili wanapima kasi ileile ya nuru. Abiria anasema imechukua muda wa kukata mita 4, yaani kama nanosekunde 13.3 (nanosekunde ni sehemu moja ya bilioni ya sekunde). Mtu wa gatini anasema imechukua muda wa kukata mita 5, kama nanosekunde 16.7. Tukio ni lilelile: nuru imeondoka sakafuni, nuru imefika darini. Mmoja amehesabu 4 pale mwenzake alipohesabu 5.

Kama ungerusha mpira badala ya nuru, tatizo hili lisingekuwepo. Mtu wa gatini angeona mpira umekwenda njia ndefu zaidi, lakini pia kwa kasi kubwa zaidi, kwa kuwa kasi ya boti imeuongezea, na muda ungetoka uleule. Nuru haikubali kuongezewa kasi. Njia imerefuka, kasi imegoma kupanda, basi muda ndio unaolipa.

Hiyo ni saa ya nuru na kioo. Saa yangu ya betri inahusikaje?

Inahusika, na moyo wako pia. Tuseme saa ya betri haikufuata. Abiria angeiweka kando ya ile ya nuru, angeona zinaachana, na papo hapo angejua kwamba boti inakwenda bila kuchungulia dirishani. Hilo ndilo Galileo alilolikataa. Kwa hiyo mapigo ya moyo, kuoza kwa ndizi, kuota kwa ndevu, vyote vinakwenda kwa hesabu moja ndani ya chombo.

Tofauti inaongezekaje kadiri mwendo unavyoongezeka?

Polepole mno mwanzoni, kisha kwa ghafla. Katika asilimia 10 ya kasi ya nuru, sekunde 1 ya msafiri ni sekunde 1.005 za aliyebaki. Mtu angeweza kupuuza. Asilimia 60 inatupa 1.25, kama tulivyoona kwenye boti. Asilimia 80 inatoa 1.67. Asilimia 99 ni 7.09, asilimia 99.9 ni 22.4, na asilimia 99.99 ni 70.7.

Mbona mimi nimesafiri maisha yangu yote na sijaona kitu?

Kwa sababu boti ya kweli inakwenda, tuseme, mita 15 kwa sekunde. Safari ya saa tatu kwa mwendo huo inakuacha nyuma ya walio gatini kwa chini ya sehemu 15 za trilioni moja ya sekunde. Ukikaa humo miaka 70 bila kushuka, deni lote linafika mikrosekunde 3 hivi, yaani sehemu tatu za milioni ya sekunde. Hata chombo chenye kasi kuliko vyote vilivyowahi kutengenezwa, kile cha Marekani kiitwacho Parker Solar Probe kilicholipita jua kwa karibu mwishoni mwa 2024 kwa kilomita 192 hivi kwa sekunde, hakijafika sehemu moja ya elfu ya kasi ya nuru.

Basi haya ni mambo ya karatasini. Nani aliyethibitisha?

Kinyume chake, hakuna mwaka unaopita bila kuthibitishwa tena. Ushahidi ninaoupenda zaidi unapita kwenye kiganja chako sasa hivi.

Miale kutoka angani inapogonga hewa ya juu, kiasi cha kilomita 15 kutoka chini, huzaliwa chembe ziitwazo muoni. Muoni ikiwa imetulia huishi kwa wastani mikrosekunde 2.2, kisha inavunjika. Hata kwa kasi ya nuru yenyewe, muda huo unatosha mita 660 tu. Kwa hesabu hiyo karibu zote zingeisha hukohuko juu. Lakini hapa chini, usawa wa bahari, muoni moja hivi inapita kwenye kila sentimita moja ya mraba kila dakika. Nyoosha kiganja: zaidi ya moja kila sekunde.

Mwaka 1963 David Frisch na James Smith walichapisha vipimo vyao kutoka Mount Washington, mlima wa mita 1,900 hivi huko Marekani. Juu ya mlima walihesabu wastani wa muoni 563 kwa saa. Kama saa ya muoni ingekwenda sawa na yetu, walitarajia kama 27 tu zifike chini. Walihesabu 408.

Na ukikaa upande wa muoni je? Kwake yeye mikrosekunde zake 2.2 ni zilezile, hazikurefuka hata kidogo. Kilichopungua ni mlima: kwa kipimo chake, mlima unaomjia kwa kasi ile ni mfupi mno, na anaupita kabla siku zake hazijaisha. Sisi tunasema muda wake umerefuka, yeye anasema njia imefupika. Jibu la mwisho, muoni ngapi zimefika, ni lilelile.

Mwaka 1977 maabara ya CERN, Uswisi, ilitoa matokeo ya muoni zilizozungushwa ndani ya duara kwa asilimia 99.94 ya kasi ya nuru. Ziliishi wastani wa mikrosekunde 64, mara 29 ya kawaida, kama hesabu ilivyodai.

Aliye ndani ya chombo anahisi maisha yamepungua mwendo?

Hapana. Kwake yeye sekunde ni sekunde. Anayedhani angejiona anatembea kama yuko ndani ya maji ameangalia filamu nyingi.

Lakini mwendo ni wa kulinganisha. Mimi naona saa yako imechelewa, wewe unaona yangu imechelewa. Lazima mmoja wetu ni muongo!

Hili ndilo swali zuri kuliko yote, na anayeliuliza ameshaelewa zaidi ya anavyodhani.

Kinachofichika ni neno "sasa". Weka saa moja Malindi na nyengine Mkoani, kilomita 100 hivi mbali, nazo zimerekebishwa zikasoma sawa kwa watu wa visiwani. Msafiri anakatiza kwa asilimia 60 ya kasi ya nuru. Anapopita Malindi, saa yake na ya Malindi zote zinasoma sifuri. Anapofika Mkoani, saa ya Mkoani inasoma mikrosekunde 556 na ya kwake inasoma 445. Hakuna atakayebisha, kwani wamesimama uso kwa uso, kila mtu anaona zote mbili.

Watu wa visiwani wanasema: unaona, saa yake imechelewa, 445 dhidi ya 556. Msafiri naye anasema: hapana, saa zenu ndizo zilizochelewa. Katika mikrosekunde zangu 445, ya Mkoani imetembea 356 tu. Basi 556 imetoka wapi? Imetoka hapa: kwa msafiri, saa za Malindi na Mkoani hazikuwahi kuwa sawa. Wakati yeye anapita Malindi, kwa kipimo chake saa ya Mkoani ilikuwa imeshatangulia kwa mikrosekunde 200. Jumlisha 200 na 356, unapata 556.

Kwa hiyo hakuna muongo. Wanatofautiana kuhusu matukio gani ya mbali yametokea kwa pamoja. Pale saa mbili zinapokutana mahali pamoja, hawatofautiani hata kidogo. Rudia namba hizi mara mbili ukihitaji; ukizimeza, yaliyobaki ni mepesi.

Na pacha aliyesafiri akarudi akiwa kijana?

Mpe jina. Hassan na Hussein, mapacha wa Makunduchi, wana miaka 20. Siku ya Mwaka Kogwa, sikukuu yao ya mwaka mpya, Hussein anaondoka kwa asilimia 80 ya kasi ya nuru kwenda kwenye nyota iliyo umbali wa miaka ya nuru 4, yaani umbali ambao nuru inaukata kwa miaka 4. (Rijili Kantori, ambayo kwenye ramani nyingi za nyota huandikwa Alpha Centauri na ambayo tunaiona vizuri upande wa kusini, iko miaka ya nuru 4.37. Nimekata sehemu ndogo ili hesabu itoke safi.) Anafika, anageuza papo hapo, anarudi.

Kwa Hassan, kwenda ni miaka 5 na kurudi 5. Atamlaki nduguye akiwa na miaka 30. Kwa Hussein, njia imefupika kutoka miaka ya nuru 4 hadi 2.4, kwa hiyo kwenda ni miaka 3 na kurudi 3. Anashuka akiwa na miaka 26.

Watu husema: lakini Hussein naye si anaweza kudai kwamba yeye alikaa, Makunduchi ndiyo iliyoondoka? Tuwape redio. Kila mmoja anatuma salamu ya Mwaka Kogwa kila mwaka mmoja wa saa yake unapotimia. Wanapoachana, kila mmoja anapokea salamu ya mwenzake mara moja kila miaka 3, kwa sababu mawimbi yanamkimbiza aliyeondoka. Wanapokaribiana, kila mmoja anapokea 3 kwa mwaka. Mpaka hapo wako sawa kabisa.

Tofauti iko kwenye kona. Hussein anageuza baada ya miaka yake 3. Mpaka hapo amepokea salamu 1. Kuanzia dakika anayogeuza, salamu zinamiminika 3 kwa mwaka, kwa miaka 3: ni 9. Jumla 10. Hassan hajui kwamba nduguye amegeuza mpaka habari imfikie. Hussein aligeuza katika mwaka wa 5 wa Hassan, akiwa umbali wa miaka ya nuru 4, kwa hiyo Hassan anaendelea kupokea kidogokidogo mpaka mwaka wa 9: salamu 3. Mwaka wa mwisho anapokea 3. Jumla 6.

Hesabu salamu: Hussein ana 10 za nduguye, Hassan ana 6. Hakuna haja ya kubishana nani alikuwa anakwenda. Mmoja alipiga kona, mwengine hakupiga. Paul Langevin ndiye aliyelieneza swali la msafiri wa namna hii mwaka 1911, na bado kuna watu wanaliita fumbo lisilo na jibu. Lina jibu tangu hapo.

Ndugu yangu yuko Muscat, saa yake imetangulia yangu kwa saa nzima. Ndiyo hii?

Siyo. Hayo ni makubaliano ya majira ili jua la adhuhuri liwe karibu na saa sita kila mahali. Saa zenu zinatembea mwendo mmoja.

Nikiangalia Kilimia naona zamani. Na hii je?

Nalo ni jambo jengine. Nuru ya Kilimia, lile kundi la nyota, imesafiri karibu miaka 440 mpaka ikafika jichoni mwako, basi unachokiona ni habari ya kale. Huo ni uchelewaji wa barua. Tunapozungumzia saa ya msafiri, tumeshatoa muda wa barua kwenye hesabu na tofauti bado ipo.

Zanzibar tuko karibu na ikweta, dunia inatuzungusha kwa kasi kuliko watu wa Ulaya. Tunazeeka polepole kuliko wao?

Swali kali, na Einstein mwenyewe alilijibu mwaka 1905: alisema saa ya ikweta itachelewa kidogo ikilinganishwa na ya ncha ya dunia. Hapa kwetu ardhi inatubeba kuelekea mashariki kwa mita 460 hivi kwa sekunde, kwa hiyo hoja ina msingi.

Lakini wakati ule hakuwa bado na nusu ya pili ya hadithi. Nadharia yake ya mvutano, aliyoikamilisha mwaka 1915, inasema saa iliyo juu zaidi, mbali na kitovu cha dunia, inakwenda haraka kuliko ya chini. Na dunia si duara kamili, imevimba tumboni. Sisi wa karibu na ikweta tuko mbali zaidi na kitovu kuliko watu wa kaskazini. Mzunguko unatuchelewesha, uvimbe unatuharakisha, na usawa wa bahari ni ule ule ambao bahari yenyewe imejipanga kwa kuyafuata yote mawili. Matokeo yake, saa zote zilizo usawa wa bahari, ya Forodhani na ya Oslo, zinatembea mwendo mmoja. Kila kimoja kinafuta mwenzake.

Kwenda juu ndiko kunakobadilisha. Mtu anayeishi mita 15 juu katika majumba ya Michenzani kwa miaka 70 anazeeka zaidi ya jirani wa chini kwa mikrosekunde 3 na nusu hivi. Msidhani ni mzaha: mwaka 2010 watafiti wa Boulder, Colorado, waliinua saa ya atomu sentimita 33 tu na wakaipima tofauti.

Kuna mahali ambapo mambo haya yananigusa mfukoni?

Simu yako. Setilaiti za GPS, zinazoiambia simu iko wapi, ziko kilomita 20,200 juu na zinakwenda karibu kilomita 3.9 kwa sekunde. Mwendo unazichelewesha mikrosekunde 7 kwa siku. Kuwa juu kunaziharakisha mikrosekunde 45. Zinabaki zimetangulia 38 kila siku.

Mikrosekunde 38 ni muda wa nuru kukata zaidi ya kilomita 11. Chombo chako kinapima umbali wake na kila setilaiti kwa muda wa mawimbi, basi bila marekebisho vipimo hivyo vingepotoka kwa kiasi hicho siku ya kwanza, na vingeendelea kupotoka. Mvuvi wa Kojani aliyetia alama ya mwamba wake kwenye GPS anarudi palepale kwa sababu kuna watu walioiamini hesabu hii. Mwanzoni si wote walioiamini. Setilaiti ya majaribio iliyorushwa mwaka 1977 iliwekewa swichi: ilianza bila marekebisho, wahandisi wakaiangalia saa yake kwa siku kama 20, ikakimbia kwa kiasi kilekile kilichotabiriwa, ndipo wakawasha.

Ndege nazo zimewahi kupimwa?

Oktoba 1971 Joseph Hafele na Richard Keating walipakia saa nne za atomu za sesiamu kwenye ndege za abiria na kuzizungusha dunia nzima, mara moja kuelekea mashariki na mara moja magharibi. Zikilinganishwa na saa zilizobaki Washington, safari ya mashariki ilipoteza nanosekunde 59, ya magharibi ikazidi kwa 273. Anayeruka mashariki anaongeza mwendo wake juu ya mzunguko wa dunia, anayeruka magharibi anaupunguza, na kuwa juu angani kunaziharakisha saa za safari zote mbili. Napenda jaribio hili kwa sababu saa zilikaa kwenye viti vya abiria.

Kwa nini tusisukume tu mpaka tuipite kasi ya nuru?

Kwa sababu kila unapokaribia, nishati inayotakiwa kuongeza kidogo inapanda bila kikomo. Protoni (chembe za ndani ya atomu) katika mashine kubwa ya CERN zimefikishwa kwenye asilimia 99.999999 ya kasi ya nuru. Zikiongezewa nishati mara mbili, kasi yake inabadilika kwenye tarakimu za mbali sana tu.

Hata kujumlisha kasi hakukuokoi. Ukiwa ndani ya chombo cha asilimia 60 na ukarusha kombora mbele kwa asilimia 60, aliyesimama hapimi 120. Anapima 88.

Naweza kurudi nyuma nikamwona babu?

Hapana. Hesabu hii inakuruhusu kufika mbele kwa njia fupi ya saa yako tu. Hussein amefika miaka 10 mbele kwa miaka 6. Tikiti ya kurudi haiuzwi.

Nuru yenyewe inaonaje wakati?

Haina pa kuonea. Hakuna saa inayoweza kupanda juu ya nuru, basi swali halina kipimo. Wanaosema "kwa nuru wakati umesimama" wanasema kitu kinachopendeza tu.

Maalim, hii siyo ndiyo siku moja iliyo kama miaka elfu?

Naulizwa hili karibu kila mara, na kwa adabu, nami nalijibu kwa adabu. Mimi si mtu wa tafsiri. Ninachokijua ni upande wa fizikia: nadharia hii inatoa namba pale tu unapokuwa na saa mbili, mwendo na njia. Aya ya Kurani haijakupa mwendo wala njia ya kuingiza kwenye kikokotoo.

Kuna hesabu zinazozunguka kwenye WhatsApp zikidai kuitoa kasi ya nuru ndani ya aya kwa kupima mzunguko wa mwezi. Nimezifuata mstari kwa mstari. Namba zimechaguliwa mpaka jibu likatoka lile lililotakiwa, na mwanafunzi wangu akiniletea kazi hiyo nitaikata. Watu wa Pangoni nao hutajwa, lakini wale hawakusafiri. Walilala, na kulala hakuna kasi. Ama Miiraji ni muujiza, na muujiza ukishaelezwa kwa mlinganyo umeutoa kwenye daraja lake. Kwa nini mtu aifunge imani yake kwenye nadharia ambayo wataalamu wenyewe wanaipima kila siku wakitafuta pa kuivunja?

Nikitaka kupiga hesabu mwenyewe?

Kikokotoo cha simu kinatosha. Andika mwendo kama sehemu ya kasi ya nuru, tuseme 0.96. Uzidishe kwa wenyewe: 0.9216. Toa kutoka 1: 0.0784. Tafuta kipeuo cha pili: 0.28. Mwisho gawa 1 kwa hiyo 0.28, unapata 3.57. Mwaka mmoja ndani ya chombo hicho ni miaka mitatu na miezi saba, ikipungua kidogo, hapa Unguja. Ukijaribu 1.2 kikokotoo kitagoma kwenye kipeuo, maana utakuwa umekipa namba hasi, na hapo hakijaharibika.